Baba wa Manioda

Kilichomtoa baba nyumbani hapa Buyangu si pombe wala mwanamke wa mjini. Ni kodi. Waingereza walijikita Mumias miaka ya 1890 chini ya C. W. Hobley, reli ikafika Kisumu mwaka 1901, na haukupita muda nyumba za watu zikaanza kuhesabiwa, kila moja na rupia zake. Mwanzoni mtu aliweza kulipa kwa mbuzi au kwa kibarua. Baadaye wakataka fedha tu, na fedha upande huu wa Kabras ilikuwa haipatikani mpaka uifuate iliko: mashamba ya walowezi kule Trans Nzoia, chai ya Kericho, reli, Nairobi.

Nayataja haya mapema kwa sababu siku hizi siendi matangani nikarudi bila kumsikia mzee, au mchungaji, au chifu mwenyewe, akishika kipaza sauti na kutuambia kwamba vijana wameharibika kwa kuwa baba zao hawakai nyumbani. Zamani, wanasema, baba alikuwepo. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha watoto wa ukingoni mwa msitu huu wa Kakamega tangu nilipotoka chuo cha Eregi, na kila nikiyasikia hayo hujiuliza ni zamani ipi. Babu yangu alikuwa mgodini Rosterman. Baba yangu alikuwa karakana ya reli Nairobi. Katika ukoo wetu, baba anayelala kwake kila usiku wa mwaka ni jambo jipya, na waliolelewa bila yeye ndio hao hao wanaoshika kipaza sauti leo wakisifiwa kwa adabu.

Basi kama si kuwepo kwake tu, kilichomshika kijana ni nini?

Nyanya yangu, aliyezaliwa kabla ya vita vya kwanza vya Wazungu, alikuwa akisimulia boma la baba yake kama mahali ambapo baba ndiye aliyezungumza na watoto kidogo kuliko wote. Mvulana akishapata akili hakulala tena nyumba ya wazazi. Alihamia kwa wenzake, na akishatahiriwa alijenga isimba yake, nyumba ya kijana asiyeoa, ambayo baba hakutia mguu ndani yake. Msichana alilala kwa ajuza, bibi yake au mjane wa jirani, na mambo ya mwili aliyasikia huko gizani, si kwa mama. Akikosea, mwenye kumwita kando alikuwa senje, dada ya baba. Mjerumani Günter Wagner, aliyefanya utafiti wake North Kavirondo, kama eneo letu lilivyoitwa wakati huo, kati ya 1934 na 1938 na kutoa kitabu kikubwa mwaka 1949, aliandika zaidi habari za Walogoli na Wabukusu, lakini ukikisoma ukiwa mtu wa hapa utaitambua nyumba ya nyanya yangu.

Hata tohara, ambayo watu wanaiona kama jambo la baba na mwanawe, ukiitazama vizuri baba yuko pembeni. Kwa jirani zetu Wabukusu, mvulana hutumwa kwa mjomba, kaka wa mama yake, akachinjiwe na kuvishwa nyama shingoni. Ngariba ni mtu wa nje. Na baada ya jeraha kupona, anayemkalisha chini kumwambia kwamba mlango uliofungwa si wako, maana yake mke wa mtu ni mke wa mtu, ni mzee aliyepewa kazi hiyo. Baba amelipa, ametoa ng'ombe, amekaa na wazee wenzake kwenye mirija ya busaa. Maneno mazito kayaachia wengine.

Mwaka 1958 Wamarekani watatu, John Whiting, Richard Kluckhohn na Albert Anthony, walilinganisha jamii 56 za dunia wakadai kwamba tohara kali za ujanani hupatikana pale ambapo mtoto wa kiume hulala na mama kwa muda mrefu na baba yuko mbali. Kwamba sherehe ile ni kisu cha kumkata kijana kutoka kwa mama. Ni hoja ya watu werevu waliokaa kwenye madawati. Ninavyoiona mimi, kijana wa hapa hakuwa akikatwa kutoka kwa mtu yeyote. Alikuwa akiongezewa. Aliingia akiwa na baba mmoja na mjomba mmoja, akatoka akiwa na rika zima la wanaume wenye haki ya kumzaba kofi njiani na kumpeleka kwao wakieleza sababu.

Serikali nayo ikawa na tohara yake. Kuanzia mwaka 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba kipande, karatasi ya alama za vidole na majina ya waajiri, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Kijana wa miaka 16, ambaye wazee wangeweza kumwacha asubiri kisu miaka mingine miwili mitatu, kwa serikali tayari alikuwa mwanamume wa kuandikwa kazi. Hapo ndipo baba na mwana walipoanza kuondoka pamoja, au kupishana njiani mmoja akienda na mwingine akirudi.

Dhahabu ilileta nafuu ya muda. Ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, Wazungu walimiminika na vyuma vyao, na mwaka uliofuata sheria iliyokuwa imeahidi kuilinda ardhi ya Waafrika ikageuzwa kwa haraka ya aibu ili wachimbe. Hayo yana machungu yake. Lakini kwa nyumba yetu mgodi ulikuwa na jambo moja zuri: ulikuwa karibu. Kuka, yaani babu, alitoka Rosterman Jumamosi mchana kwa miguu, akafika Buyangu jioni, na Jumapili yote watoto walimwona, ingawa sehemu kubwa ya siku hiyo alikuwa amelala. Mgodi ulipofungwa mwaka 1952, baba yangu, aliyekuwa ameanza kufikiria kumfuata baba yake huko, alipanda gari moshi la Nairobi badala yake.

Nami sasa nifike kwenye barua.

Baba alituma manioda, hawala ya fedha ya posta, kila mwisho wa mwezi, na pamoja nayo barua. Mama hakujua kusoma. Kaka yangu alijua, lakini yeye ndiye aliyekuwa akizungumziwa, kwa hivyo kazi ya kusoma ikaniangukia mimi nikiwa darasa la sita. Tulikusanyika jikoni jioni: mama, nyanya, baba wadogo wawili, na kaka akiwa ameegemea mwimo wa mlango, nusu ndani nusu nje, kama mtu anayepima moto. Barua iliandikwa kwa Kiswahili cha karakanani, kwa wino wa buluu, kwenye karatasi ya mistari iliyochanwa katika daftari, na mpangilio wake haukubadilika. Kwanza salamu nyingi kama mchanga wa bahari, bahari ambayo baba hakuwahi kuiona. Kisha hesabu ya pesa, shilingi kwa shilingi: karo hii, chumvi hii, hii mpe mama. Kisha ng'ombe na mahindi. Mwisho kabisa, kwa herufi zilizobanwa kwa sababu karatasi inaisha, maneno ya kaka, na kila mara yalianza hivi: Nimesikia.

Ilikuwa ni hilo tu lililomtoa kaka jasho. Nairobi ni karibu kilomita 400 kutoka hapa. Baba amesikiaje kwamba alionekana akicheza karata nyuma ya duka Malava siku ya shule? Nani kamwambia juu ya yule msichana wa ng'ambo ya mto Isiukhu? Jibu lilikuwa rahisi, ingawa kaka alichelewa kuling'amua. Kila maiti iliyorudishwa kutoka Nairobi ilikuja na gari zima la watu, nao walirudi na habari. Watu wa Kabras walikutana kule Jumapili, wakachangishana, wakaulizana ya nyumbani. Na baba mdogo, yule mkubwa wao, alimfuata karani wa soko kila baada ya wiki kadhaa akamwandikishia baba ukurasa mmoja. Kijana wa miaka 15 alikuwa akilelewa na mwanamume aliyemwona Desemba na Pasaka tu, na bado hakuweza kufanya jambo lisifike.

Kaka aliniomba niwe naruka mistari. Mara nyingine niliruka. Nilisoma mpaka kwenye mahindi, nikatoa salamu za mwisho, nikakunja karatasi. Baba mdogo hakuwa msomaji mzuri wa barua, lakini uso aliusoma. Alinyoosha mkono akachukua ile karatasi, akaitazama kwa muda, akaweka kidole mahali palepale palipobanwa, akasema, "Rudia hapa, mama."

Kesho yake hakukuwa na kiboko. Baba mdogo alimwita kaka waende msituni kukata fito na kamba za kujengea, na huko walishinda siku nzima. Waliyozungumza siyajui hadi leo. Kaka alirudi jioni na mzigo begani, ametulia kama aliyepungukiwa na homa, na baba mdogo nyuma yake akivuta kiko.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu nadhani ndipo jambo lenyewe lilipo. Neno la baba lilikuwa na miguu. Aliyelisema alikuwa mbali, ila walikuwepo wa kulipokea, wa kulisoma, wa kulitimiza kwa jina lake, na wa kumrudishia majibu. Ukimwondoa mmoja kati ya hao, neno lilibaki karatasi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani mwingine, Thomas Weisner, alifuatilia familia za Kisa, sehemu nyingine ya Kakamega, pamoja na ndugu zao waliokuwa wakiishi Kariobangi, Nairobi. Alichokiona ni familia moja yenye nyumba mbili, na hicho kikawa kichwa cha kazi yake ya chuo kikuu. Mwaka 1979 akachapisha matokeo ambayo wenye vipaza sauti wangefaa kuyasikia: watoto wa mjini walikuwa wagomvi na wenye kuburuza wenzao zaidi kuliko wa kijijini, ambao walikuwa wachangamfu kwa watu. Sasa fikiri. Mtoto wa Kariobangi alikuwa na baba katika chumba kimoja, akimsikia akikoroma. Wa kijijini alikuwa na barua. Lakini wa kijijini alikuwa pia na ndama wa kufunga, mdogo wake wa kubeba mgongoni, na shangazi kila kona.

Halafu ile miguu ikaanza kukatwa, mmoja mmoja, na si kwa ubaya wa mtu. Mwaka 1985 upande wa kaskazini wa msitu, huu wetu wa Buyangu, ukatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, kama kilomita 44 za mraba. Msitu ulihitaji ulinzi. Miti mikubwa ilikuwa ikikatwa kwa mbao na mkaa, na ukisimama leo juu ya kilima cha Buyangu ukaona lile zulia la kijani na mbega wakiruka, humlaumu aliyeweka lango. Upande wa Isecheno, chini ya Idara ya Misitu, watu waliendelea kulisha ng'ombe kwa ada. Kwetu ilikatazwa kabisa. Zile mbuga ndogo katikati ya miti, ambako wavulana walikuwa wakishinda na mifugo, ndiko wanaume walikopita wakitafuta kamba, asali au mizizi ya mukombero, wakakaa kwenye gogo na vijana wakazungumza nao bila kutazamana usoni. Mwanamume wa hapa hamwambii kijana jambo zito wakitazamana. Huliambia jembe, au mgongo wa ng'ombe. Lango lilipofungwa ng'ombe wakauzwa, na wavulana wangu wa darasa la saba wakawa wanakaa kando ya barabara ya Webuye wakihesabu malori.

Mwaka huo huo ulianza mfumo wa 8-4-4, ambao ulimbakiza mtoto darasani hadi jioni, na wenye uwezo wakawapeleka wao bweni. Kiwanda cha sukari cha Kabras kilikuwa kimeshaanza kazi, miwa ikaingia mpaka mlangoni, na baba fulani fulani wakarudi kutoka mjini kuwa wakulima. Ungedhani basi mambo yangekaa sawa. Ila shamba lililogawanywa mara tatu halina nafasi ya isimba, na baba wadogo walikuwa wamehamia Lugari na Kitale kutafuta ardhi. Baba amerudi, wapokeaji wa neno lake wameondoka.

Wasichana wana historia yao, na sheria imo ndani yake. Mwaka 1959 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyomwezesha mwanamke kumdai baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa matunzo. Mwaka 1969 bunge la Kenya huru, ambalo halikuwa na mbunge hata mmoja mwanamke, likaifuta. Sheria ya watoto ya 2001 ikaendelea kumwachia mama mzigo huo kwanza, mpaka Katiba ya 2010, kifungu cha 53, iliposema kwamba baba na mama wana wajibu sawa wawe wameoana au la. Kwa hiyo kwa miaka 41 mvulana wa hapa aliyempa mwenzake mimba alikua akijua kwamba ubaba ni jambo la hiari. Nilikuwa na wasichana darasani waliojua jina la baba yao kwa kulisikia likitajwa na watu wengine sokoni. Baadhi yao walisoma vizuri na kutulia, na nikichunguza nilimkuta babu au mjomba aliyeshika nafasi hiyo waziwazi, aliyekuja shuleni akasema mbele ya mwalimu mkuu, huyu ni wangu. Wengine hawakuwa na wa kusema hivyo.

Machi 2007 ikaja M-Pesa. Nilifurahi kama kila mtu. Hakuna tena kwenda posta Kakamega na kitambulisho na kukuta karani amekwenda chai. Ila pesa sasa inafika peke yake. Ujumbe unasema kiasi, saa na salio, basi. Baba akitaka kusema jambo anapiga simu, na anampigia kijana mwenyewe, ambaye naye ana simu na anajua wakati wa kusema mtandao ni mbaya. Hakuna mtu wa tatu mlangoni. Kisha pikipiki zikawa rahisi kununua, na kijana wa miaka 17 akaanza kurudi jioni na pesa nyingi kuliko za baba yake mwenye miwa ambayo kiwanda bado hakijalipa. Utamwita umwambie nini?

Mwaka 2020 ulinionyesha hayo wazi kuliko vitabu. Shule zilifungwa Machi, na wanaume waliowahi kutoka Nairobi kabla haijafungwa Aprili wakajikuta nyumbani miezi, wengine kwa mara ya kwanza tangu waoe. Baba na kijana uwanja mmoja, kutwa kucha. Wapo waliojenga urafiki, na niliona jirani yangu na binti yake wakilima bega kwa bega msimu mzima, wakibishana juu ya mpira. Lakini nyumba nyingi zilikuwa na watu wawili waliokuwa wakipishana kama wapangaji. Baba alijua karo ya muhula ni kiasi gani. Hakujua rafiki wa mwanawe anaitwa nani. Shule zilipofunguliwa, madawati ya wasichana kadhaa yalikuwa matupu.

Na tohara imehamia kanisani na hospitalini. Wanaokwenda sasa ni watoto wa miaka tisa, kumi, wakati wa likizo ya Desemba, kwa ganzi, na siku chache baadaye wanarudi kulala chumba kile kile cha mama na katuni zao. Sioni ubaya wa ganzi. Ubaya ni kwamba ujana wenyewe, miaka 14 hadi 18, umebaki bila sherehe wala mtu aliyekabidhiwa. Kanisa letu limejaribu kuziba pengo kwa kambi ya wavulana wakubwa, juma moja la mafundisho, na katika kamati yake mimi ndiye katibu. Tuliweka sharti: usiku wa mwisho kila mvulana aje na baba yake, kwa mwili wake, si kwa simu.

Desemba iliyopita mvulana mmoja, ambaye baba yake ni mlinzi Mombasa na hakupewa ruhusa, alikuja na baba mdogo. Mchungaji wetu ni kijana, amesoma, na alikuwa ameshawaeleza wavulana kwamba hakuna awezaye kushika nafasi ya baba. Akasema sharti halijatimizwa, mvulana aketi nyuma. Wazee wawili wakainuka. Mmoja akamuuliza mchungaji kwa upole ni nani aliyemlipia yeye karo ya chuo cha Biblia, na sote tulijua ni kaka ya baba yake. Mabishano yakaendelea hadi chai ikapoa. Baba mdogo mwenyewe hakusema lolote. Alikuwa amesimama nyuma ya mvulana, mkono juu ya kiti. Mchungaji aliponigeukia akauliza kitabu cha mahudhurio kimeandikwaje, nilimwonyesha. Kwenye safu ya baba nilikuwa nimeshaandika: amefika.